Kuagiza Samani kwa Seremala: Mambo ya Kukagua Kabla ya Vanishi

Mlaji anayenunua kiti dukani hukiona, hukikalia na kukitikisa kabla ya kutoa fedha yake. Mlaji anayemwagiza seremala kiti hulipia kitu ambacho bado hakipo. Kilichopo siku ya kukubaliana ni picha iliyo kwenye simu, maneno ya pande mbili na mbao zilizoegemezwa ukutani, ambazo hajui zilitoka wapi wala zilipasuliwa lini. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha migogoro mingi ya samani za kuagiza, na ndiyo sababu ya sura hii.

Tuchukue mfano. Mnunuzi anaagiza kabati la nguo la mninga, la milango mitatu, kwenye karakana iliyo jirani. Analipa zaidi ya nusu ya bei siku ya kwanza, na salio analimaliza siku kabati linapofikishwa nyumbani likimetameta kwa vanishi. Baada ya miezi mitatu, mlango wa kati haufungi. Mwezi wa tano, ubao wa ubavuni unapasuka kwa urefu. Mwezi wa saba, unga laini kama wa ngano unaonekana sakafuni chini ya kabati, na ndani ya droo mna vitundu vidogo kama vya sindano. Anaporudi kwa fundi, anaambiwa kwamba mbao ilikuwa nzuri na tatizo ni unyevu wa nyumba. Hakuna karatasi inayoeleza mbao ilipaswa kuwa ipi, wala hakuna aliyeiona kabla haijapakwa. Kila upande umebaki na neno lake, na neno haliwekwi kwenye mizani.

Hata hivyo, chanzo cha kila kasoro miongoni mwa hizo kilikuwapo tangu kabati lilipokuwa mifupa mitupu katikati ya maranda, na kingeweza kugunduliwa na mtu asiye fundi. Makusudio ya maelezo yafuatayo ni kumwezesha msomaji kujua nini cha kuangalia na wakati wa kukiangalia. Kanuni yenyewe ni fupi: makubaliano huandikwa kabla ya msumeno kuanza, na kazi hukaguliwa kabla ya vanishi kupakwa.

Mbao ni ipi?

Majina ambayo mlaji wa Tanzania huyasikia zaidi karakanani ni mninga, mkongo, mvule, mtiki na msindano. Kila mti una tabia yake.

Mninga hukua katika misitu ya miombo, ikiwamo ya Tabora, Katavi na Ruvuma. Kiini chake kina rangi ya kahawia yenye dhahabu au wekundu, nacho hurandwa bila taabu. Sifa yake kuu ni kwamba husinyaa kidogo sana unapokauka, hivyo milango na droo zake hukaa sawa kwa miaka mingi. Mkongo ni mzito na mgumu kuliko mninga, una rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na kiini chake hustahimili mchwa na unyevu. Mvule huanza na rangi ya manjano, kisha hukolea na kuwa kahawia kadiri unavyopata mwanga. Nao ni imara, ingawa ndani yake mara nyingine mna vijiwe vya chokaa vinavyobutua meno ya msumeno. Mtiki, ambao wengine huuita msaji, asili yake ni Asia, lakini unapandwa nchini katika mashamba ya Longuza mkoani Tanga, Mtibwa mkoani Morogoro na katika bonde la Kilombero. Una mafuta ya asili yanayousaidia kuvumilia maji na wadudu.

Msindano, yaani paini, hutoka zaidi katika mashamba ya Nyanda za Juu Kusini, kama lile la Sao Hill wilayani Mufindi. Ni mweupe, mwepesi na wa bei nafuu. Si mbao mbaya. Ni mbao inayohitaji kukaushwa vyema na kutiwa dawa, kwa kuwa mchwa na wadudu watobozi, yaani bungua, huipenda. Mlaji mwenye kipato cha wastani anaweza kupata meza nzuri ya msindano na kuitumia kwa miaka mingi, mradi aliambiwa kuwa ni msindano na akalipa bei ya msindano.

Hapo ndipo ulipo udanganyifu wa kwanza. Mninga huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa, na upatikanaji wake si kama wa zamani. Mwaka 2022, nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ziliamua kuiweka miti ya Kiafrika ya jamii za mninga na mkongo katika orodha ya mimea ambayo biashara yake kati ya nchi na nchi inadhibitiwa kwa vibali. Mti unapoadimika, bei hupanda, na bei inapopanda hutokea wanaopaka mbao nyeupe rangi ya kahawia na kuipa jina lisilo lake.

Rangi ya kupaka haifiki kila mahali. Tazama mgongo wa kabati, upande wa chini wa meza, ndani ya tundu la droo, na hasa kwenye ncha za mbao zilizokatwa. Kwa idhini ya fundi, kwangua mahali pasipoonekana kwa wembe. Kiini cha kweli kina rangi ileile kila unapozidi kukwangua; mbao iliyopakwa hubadilika na kuwa nyeupe mara tu utando wa juu unapoondoka.

Udanganyifu wa pili ni mgumu zaidi kuugundua, kwa sababu jina linalotajwa ni la kweli. Kila mti una sehemu mbili: kiini kilichokomaa katikati, na tabaka jeupe lililo karibu na ganda, ambalo ndilo lililokuwa likipitisha maji mti ulipokuwa hai. Uimara unaosifiwa wa mninga, mkongo au mtiki ni uimara wa kiini. Tabaka jeupe la mti wowote ni dhaifu, na aghalabu lina wanga ambao ni chakula cha bungua. Fundi anayetumia ubao wenye ukanda mpana mweupe, kisha akausawazisha kwa rangi, hajasema uongo aliposema ni mninga. Lakini amekuuzia sehemu ya mninga isiyo na sifa za mninga. Unga na vitundu vya mwezi wa saba katika mfano wetu huanzia hapo. Kwa hiyo, usiandike "mninga" peke yake katika makubaliano. Andika "kiini cha mninga, bila sehemu nyeupe katika mbao zinazobeba uzito na zinazoonekana."

Plaiwudi na bodi za MDF nazo zina nafasi yake. Mgongo wa kabati na sakafu ya droo mara nyingi hutengenezwa kwa plaiwudi, na kiufundi hilo si kosa. Kosa ni kutomwambia mnunuzi aliyelipia mbao halisi.

Mwisho, uliza mbao ilinunuliwa wapi. Mazao ya misitu yanapaswa kuvunwa kwa kibali na kusafirishwa kwa hati, chini ya usimamizi wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mbao isiyo na nyaraka inaweza kukamatwa ikiwa njiani, na arubuni yako ikakwama pamoja nayo.

Je, mbao imekauka?

Mbao mbichi ina maji mengi. Wataalamu huyapima kwa kulinganisha uzito: kipande cha gramu 130 kikikaushwa kabisa na kubaki gramu 100, unyevu wake ulikuwa asilimia 30. Maji ya kwanza kutoka ni yale yaliyo katika matundu ya nyuzi, na kutoka kwake hakubadilishi ukubwa wa ubao. Unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30, kuta za nyuzi zenyewe huanza kukauka, na hapo ndipo mbao husinyaa. Husinyaa kwa upana na kwa unene; kwa urefu mabadiliko ni madogo mno.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Meza yenye upana wa sentimita 90 ikisinyaa kwa asilimia 2 tu, inapungua milimita 18, yaani karibu upana wa kidole. Kama ubao wa juu umegongwa misumari pande zote usiweze kusogea, hautapungua kwa amani. Utapasuka. Ndivyo ulivyopasuka ubao wa ubavuni wa kabati letu, na ndivyo ulivyopinda mlango wa kati.

Samani za kukaa ndani zinafaa kutengenezwa kwa mbao ambayo unyevu wake umeshuka hadi kati ya asilimia 10 na 15, kutegemea mahali zitakapokaa. Hewa ya Dodoma ni kavu kuliko ya Dar es Salaam au Tanga. Kitanda kilichotengenezwa pwani kikahamishiwa bara kitaendelea kusinyaa kidogo hata kama mbao yake ilikauka vizuri kwa hali ya pwani. Mwambie fundi mapema kama samani itasafirishwa.

Ukaushaji wa hewani huchukua miezi kadhaa, na kwa mbao nene huweza kufika mwaka au zaidi. Mbao hupangwa juu ya magogo ili zisiguse ardhi, chini ya paa, na kati ya safu na safu huwekwa vipande vyembamba ili upepo upite. Ukienda karakanani, omba kuonyeshwa rundo hilo. Karakana inayonunua mbao asubuhi sokoni na kuanza kuzipima mchana huohuo haina njia ya kukuhakikishia ukavu, isipokuwa mbao hizo zimetoka kwenye tanuri la kukaushia na zina maelezo. Kipo pia kifaa kidogo cha kupima unyevu, chenye ncha mbili za chuma zinazochomekwa kwenye ubao na kuonyesha asilimia papo hapo. Fundi akiwa nacho, mwombe apime mbele yako na namba iandikwe. Asipokuwa nacho, linganisha ubao wake na mwingine wa mti uleule na wa ukubwa uleule ambao una hakika umekauka. Ulio mzito kwa tofauti kubwa huenda bado una maji.

Fundi mzuri hashindani na mbao. Anajua kwamba itasogea kidogo hata ikikauka, kwa sababu hupokea unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Ndiyo maana katika mlango wa fremu, ubao wa katikati huingizwa kwenye mfereji bila gundi ili upate nafasi ya kucheza, na ubao wa juu wa meza hushikizwa kwa skrubu zilizo katika matundu marefu badala ya misumari. Ukiona nafasi hizo usidhani ni uzembe. Muulize, ukisikia maelezo haya, uko mikononi salama.

Viungo ndivyo vinavyobeba samani

Kiswahili kimehifadhi majina ya sehemu za kitanda cha asili: tendegu ni miguu, mifumbati ni miti ya ubavuni, na vitakizo ni miti ya kichwani na miguuni. Mifumbati na vitakizo vilichongwa ncha zake kuwa ndimi, na ndimi hizo ziliingizwa katika matundu ya tendegu. Uzito wa mlalaji ulibebwa na mbao iliyo ndani ya mbao. Ujuzi huo ndio uliojenga makasha na viti vya enzi vya pwani yetu, kutoka Lamu hadi Unguja, ambavyo baadhi yake bado vimesimama ingawa waliovichonga hatunao tena.

Kanuni haijabadilika. Kiungo cha ulimi na tundu, kilichotiwa gundi na pengine kufungwa kwa kigingi cha mbao, ndicho kinachofaa kwa miguu ya meza, viti na fremu za milango. Kwa droo, kiungo bora ni kile ambacho ncha za mbao mbili huchongwa meno yanayoshikana, yaliyotanuka kuelekea mwisho, ili ubao wa mbele usichomoke unapovutwa kila siku. Vigingi vya duara vilivyotiwa gundi vinakubalika katika kazi nyepesi. Kiungo dhaifu ni ncha ya ubao iliyokutanishwa na ubavu wa mwingine na kupigiliwa misumari tu, kwa sababu msumari unaoingia kufuata urefu wa nyuzi hauna mshiko mzuri. Kiti cha namna hiyo kitakuwa imara siku ya kwanza, na kitaanza kuyumba kabla mwaka haujaisha.

Si kila chuma ni dalili ya kazi duni. Kitanda cha kisasa hufungwa kwa vyuma na bolti ili kiweze kufunguliwa na kupita mlangoni, na kabati kubwa huunganishwa kwa skrubu kwa sababu hiyohiyo. Swali la kumwuliza fundi ni moja: "Uzito ukiwekwa hapa, unabebwa na mbao au na msumari?"

Vipimo na mchoro

Picha ya kwenye simu huonyesha umbo, haionyeshi kipimo. Kabla ya mchoro, pima mambo manne: mahali samani itakapokaa, mlango itakaopitia, ngazi au ukumbi wenye kona, na kitu kitakachowekwa ndani au juu yake.

Kwa kitanda, pima godoro lenyewe. Godoro linaloitwa futi 5 kwa 6 linapaswa kuwa na takriban sentimita 152 kwa 183, lakini magodoro huzidi au kupungua. Eleza pia unene wake, maana ndio utakaoamua urefu wa ubao wa kichwani, na uliza chaga zitapangwa kwa nafasi gani. Kabati la kutundika nguo linahitaji kina cha ndani cha karibu sentimita 55 hadi 60 ili hanga zisibanwe na mlango. Meza ya chakula huwa na kimo cha sentimita 75 hivi, na kikalio cha kiti sentimita 45 hivi, ili mapaja yapite bila kugonga. Lakini vipimo hivi ni vya mtu wa wastani. Faida ya kuagiza ni kwamba kiti kinaweza kumfuata mtu. Mzee mwenye magoti mabovu anahitaji kikalio kilichoinuka na mikono imara ya kujiinulia; mwambie fundi, na kama inawezekana, nenda na mzee mwenyewe akapimwe.

Mchoro hauhitaji ustadi. Mistari iliyonyooka yenye urefu, upana, kina na unene wa mbao inatosha, mradi wote wawili mmeuelewa vivyo hivyo na kuutia sahihi.

Makubaliano ya maandishi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kazi ya kuagiza, daftari humlinda pia seremala. Mnunuzi akibadili nia katikati ya kazi, fundi hubaki na kabati lililopimwa kwa chumba kimoja tu duniani, na mbao alizonunua haziwezi kurudishwa sokoni. Anayekataa kuandika, awe fundi au mnunuzi, anakataa ulinzi wake mwenyewe.

Ukurasa mmoja unatosha, kwa mfano:

"Mimi (jina la fundi) nimekubali kumtengenezea (jina la mnunuzi) kabati moja la nguo, la milango mitatu na droo nne, kwa vipimo vilivyo katika mchoro ulioambatishwa. Mbao itakuwa kiini cha (jina la mti), iliyokauka, bila sehemu nyeupe wala dalili za wadudu. Mgongo na sakafu za droo zitakuwa za plaiwudi yenye unene wa (milimita). Fremu zitaungwa kwa ulimi na tundu. Bawaba na vitasa vitanunuliwa na (jina). Mnunuzi ataitwa kukagua kazi kabla ya kupakwa vanishi. Kazi itakabidhiwa tarehe (…). Bei yote ni shilingi (…), ikijumuisha au bila usafiri. Fundi atarekebisha bila malipo kasoro za mbao au viungo zitakazojitokeza ndani ya miezi (…)."

Malipo yafuate hatua za kazi. Ni haki kwa fundi kupata malipo ya awali ya kununulia mbao. Ni haki kwa mnunuzi kwamba malipo ya pili yasitoke mpaka aione kazi ikiwa tupu, na kwamba salio linalobaki hadi siku ya makabidhiano liwe la kutosha kumfanya fundi atake kumaliza. Mgawanyo wa asilimia 40, 40 na 20 ni mfano unaozingatia pande zote mbili. Kulipa yote siku ya kwanza kwa ahadi ya punguzo ni kumkopesha fundi fedha bila dhamana. Kwa kila malipo dai risiti, na ukilipa kwa simu hifadhi ujumbe wa muamala.

Ukaguzi kabla ya vanishi

Siku hii ndiyo muhimu kuliko zote. Nenda mchana, penye mwanga, ukiwa na futi kamba na nakala ya makubaliano. Kisha fuata utaratibu huu:

1. Pima urefu, upana na kina, na ulinganishe na mchoro.

2. Pima kila fremu kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Vipimo viwili vya mshazari vikilingana, fremu ya pembe nne imekaa sawa. Visipolingana, imekwenda upande, na mlango hautafunga vizuri.

3. Tazama rangi ya mbao pande zote, hasa kwenye ncha, na uulize kuhusu kila ukanda mweupe.

4. Tafuta vitundu na unga. Gonga ubao wenye vitundu juu ya karatasi. Unga ukidondoka, huenda wadudu bado wamo.

5. Tazama nyufa na vifundo. Kifundo kilichoshikamana si kasoro kubwa. Kifundo kilicholegea, au kilicho katikati ya mguu wa kiti, ni mahali pa kuvunjikia.

6. Angalia mahali palipojazwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Kiraka kidogo ni cha kawaida. Kiraka kinachozunguka kiungo maana yake ulimi haukulijaza tundu.

7. Tikisa. Simamisha samani mahali palipo sawa na uisukume kutoka kona tofauti. Isilie wala isiyumbe.

Piga picha za yote, pamoja na zile za sehemu nzuri. Kasoro inayorekebishwa siku hii humgharimu fundi saa chache na mbao kidogo. Kasoro hiyohiyo ikigunduliwa baada ya kupakwa na kusafirishwa humgharimu pesa, nawe hukugharimu usumbufu na pengine mahakama.

Kuhusu sofa, tahadhari ni kubwa zaidi, kwa kuwa kitambaa na sponji hufunika kila kitu. Sofa inaweza kuwa na miguu ya mninga na mifupa ya mbao mbichi. Andika katika makubaliano kwamba utaiona fremu kabla haijavishwa, na usilipe malipo ya pili kabla ya siku hiyo.

Siku ya makabidhiano, hakikisha vanishi imepakwa hata upande wa chini wa meza na ndani ya milango, angalau mkono mmoja. Upande usiopakwa hupokea unyevu haraka kuliko uliopakwa, na tofauti hiyo huupinda ubao. Fungua na funga kila mlango, vuta kila droo hadi mwisho, kisha ndipo ulipe salio.

Mambo yakiharibika

Sheria haikumwacha mlaji peke yake. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, bidhaa inayouzwa kwa maelezo inapaswa kulingana na maelezo hayo. Na mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayokusudia, akategemea ujuzi wake, anastahili bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Kuita mbao mninga ilhali si mninga ni upotoshaji.

Anza na fundi mwenyewe, kwa adabu na bila kuchelewa. Acha kuitumia sehemu yenye kasoro, usiwaite mafundi wengine kuibomoa, na umpe nafasi ya kuiona. Msipoelewana, mwandikie barua fupi yenye kasoro, kifungu cha makubaliano kilichovunjwa, unachoomba na siku unazompa. Viongozi wa mtaa au wa umoja wa maseremala, mahali ulipo, wanaweza kuwasuluhisha. Hilo likishindikana, peleka malalamiko kwenye Tume ya Ushindani, au fungua madai katika Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili. Kokote utakakokwenda utaulizwa jambo moja: mlikubaliana nini? Makubaliano, mchoro, risiti na picha za siku ya ukaguzi ndilo jibu lako.

Turudi kwenye kabati la mfano wetu. Kama mnunuzi yule angekuwa na ukurasa mmoja uliotajwa "kiini cha mninga, iliyokauka", na kama angefika karakanani asubuhi moja kabla ya vanishi, angeuona ukanda mweupe ubavuni, fremu ya mlango wa kati ingepimwa kwa mshazari, na mbao mbili zingebadilishwa kabla jua halijazama. Fundi angebaki na mteja. Mnunuzi angebaki na kabati.